Kete za Udongo na Kete za Kauri

Ukitaka kujua kama kete ni ya udongo au ya kauri, usiitazame. Iweke shavuni. Ya kauri itakugusa kwa baridi kama sahani ya wageni iliyotolewa kabatini sasa hivi. Ya udongo haina haraka. Itakaa pale shavuni, na kabla hujahesabu ishirini itakuwa imeshachukua joto lako na kujifanya sehemu ya uso wako. Mimi nimefanya jaribio hili mara nyingi, pamoja na siku ile darasani mwalimu wa hesabu aliponiuliza kwa nini nimejibandika kitu shavuni, nikamjibu kwamba jino linauma. Akanipeleka kwa matroni. Matroni akaniambia nifungue mdomo, akakuta meno thelathini mazima. Ndiyo maana kwenye ripoti yangu ya kidato cha pili, mahali pa tabia, pameandikwa "mcheshi kupita kiasi". Nilidhani ni sifa mpaka baba aliposoma.

Lakini habari za shavu nilijifunza kwa babu, na za kete nilijifunza kwa kuziunguza. Nitaeleza.

Babu yangu, baba yake baba, alifanya kazi enzi za Mwingereza kwenye klabu ya wazungu pale Lushoto. Alikuwa anabeba trei. Wazungu walipofunga mizigo kwenda kwao, kila mtumishi aliachiwa kitu. Mpishi alipata baiskeli. Mtunza bustani akapata koti la mvua na mbwa. Babu akapewa sanduku la mbao lenye vidude vya mviringo, vyekundu na vyeupe, vikubwa kidogo kuliko kizibo cha soda. Bibi, Mungu amrehemu, aliviangalia, akauliza, "Vinaliwa?" Babu akasema haviliwi. Bibi akauliza tena, "Sasa baiskeli alipewa nani?"

Ugomvi huo, naambiwa, ulidumu mpaka mpishi alipoanguka na ile baiskeli kwenye kona za kushuka Soni, ndipo bibi akanyamaza.

Babu alichonga ubao wa drafti, akavifanya vile vidude kete. Kumi na mbili nyekundu zake, kumi na mbili nyeupe za mpinzani. Mpinzani alikuwa mmoja tu miaka yote: Mwinjilisti. Ana jina lake alilobatizwa nalo, lakini hata mkewe humwita Mwinjilisti, ingawa kanisa la Kilutheri lilishamstaafisha zamani. Babu ni Mwislamu, husali sala zake tano, na kila siku baada ya sala ya adhuhuri Mwinjilisti hupanda ule mteremko kutoka barabara ya Lukozi, fimbo mkononi, na kuanza kumwamkia kwa Kisambaa na kutamba kabla hajafika uani.

"Onga mshi, Shehe! Leo nakuja kukubatiza!"

"Pita, Mwinjilisti. Maji ya kukutawadhisha yako tayari."

Halafu wanakaa kibarazani na kuchinjana kimyakimya mpaka alasiri. Anayeshindwa anawamenyea wote mapeasi. Hilo ndilo dau lao, hakuna kingine.

Zile kete zilikuwa za udongo. Hivyo ndivyo babu alivyozipokea pale klabuni, "hizi za udongo, zitunze", na hivyo ndivyo sisi wote tulivyoziita. Hazikuwa na mng'aro wowote. Ukizishika zilikuwa na ukavu wa chaki, kana kwamba kuna unga kidogo umebaki juu yake, ila unga wenyewe hauhamii mkononi. Pembeni zilikuwa na mistari mitatu ya rangi nyingine, na mistari hiyo haikupakwa, ilizama ndani. Moja iliwahi kumeguka nikaangalia: nyekundu mpaka moyoni. Usoni zilikuwa na nakshi ya vijistari vya kukwaruza, kama ulimi wa paka. Ukiiweka moja juu ya nyingine kutengeneza kingi, inakaa. Haitelezi. Na sauti yake ilikuwa fupi na nzito, tuk, kama kidole kinachogonga boga kulipima.

Nasema zilikuwa, kwa sababu hazipo tena. Nitafika huko.

Kwanza ni lazima niseme nilivyojua siri ya babu, maana bila hiyo mambo mengine yote yataonekana kelele tu.

Mwezi wa sita mwaka juzi, wakati wa likizo, nilivaa koti la baba na kofia yake ya pama, nikachukua fimbo, nikapanda kibarazani nikijikohoza. Nilitaka babu anifokee, kwa sababu babu akifoka huwa anachekesha. Kwetu babu na mjukuu ni watani; yeye huniita mke mdogo, mimi humwita mume wangu asiye na meno. Nikasimama mbele yake, hatua tatu, mchana kweupe, hata ukungu haukuwepo.

Babu akanyanyua uso, akatabasamu. "Karibu, Mwinjilisti. Leo umewahi."

Nikacheka sana. Nikajipiga mapaja. Halafu nikaona babu hacheki. Alikuwa ameshika ukingo wa kiti na uso wake umegeukia pale nilipokohoa mara ya mwisho, si pale nilipo mimi.

"Babu," nikasema, "huoni?"

"Naona."

"Nimevaa nini?"

Kuku alipita katikati yetu, babu akamfuatisha kwa sikio.

"Naona mwanga," akasema mwishowe. "Naona mtu kama kivuli. Hospitali walisema ni mtoto wa jicho, nisubiri akomae ndipo wamtoe."

"Wamesema lini?"

"Siku nyingi."

"Huyo mtoto amedumaa, babu. Apewe uji."

Hapo ndipo alicheka. Lakini akanishika mkono, akaniambia neno ambalo sikulitegemea kwa mtani. "Usimwambie Mwinjilisti. Baba yako anajua, shangazi yako anajua, sasa na wewe unajua. Yeye hapana. Siku akijua sioni, ataanza kunionea huruma. Ataniachia kete. Mtu anayekuonea huruma hachezi na wewe tena, anakuchezesha kama mtoto. Na mimi nimebakiwa na mchezo huo tu."

Nikamuuliza sasa anachezaje. Akaniambia nilete ubao.

Alipitisha vidole juu yake taratibu kama mtu anayesoma barua. Kete zote zilikuwa zimepangwa. Akanishika kidole changu cha shahada, akakiweka kwenye nyeupe: ule ulimi wa paka, mikwaruzo. Akakihamishia kwenye nyekundu: laini, imeisha, kama sabuni iliyotumika. Miaka yote ile, kila akifikiri, babu alikuwa na tabia ya kushika moja ya zile nyekundu zake na kuisugua kwa dole gumba. Akimaliza mchezo anaikoroga na wenzake, kesho anashika nyingine. Taratibu, bila kukusudia, akawa amezisugua zote. Mwinjilisti yeye hasugui kitu; akifikiri hukuna ndevu. Basi nyeupe zikabaki na nakshi yake na nyekundu zikapoteza. Babu alijitengenezea macho miaka mingi kabla hajayahitaji.

"Na Mwinjilisti haoni unavyopapasa?"

"Anaona. Anasema ni maringo."

Kweli, nilikuwa nimemsikia mwenyewe: "Sogeza, Shehe! Unazitomasa kama mwanamke anayenunua nyanya Soni!" Babu hujibu, "Nyanya zako zimeoza, ndiyo maana nachagua." Na maisha yakaendelea.

Sasa, ndugu msomaji, hiki ni kipindi cha ruksa. Wewe mwenyewe unajua. Zamani, wanasema wakubwa, sabuni ilikuwa inaonekana kwa kibali. Leo ukishuka Soni siku ya gulio utakuta viatu vya Italia vimelala juu ya kabichi. Mitumba, redio, mafuta ya nywele, saa zisizoingia maji. Kijana wa Mwinjilisti anafanya kazi Dar kwa Mhindi anayeleta vitu kutoka nje, na mwezi wa saba mwaka uleule alipokuja kusalimia alimletea baba yake sanduku la bati linalong'aa. Mwinjilisti akapanda nalo mteremko amelikumbatia kama mtoto wa ubatizo.

"Shehe! Leo tunaingia dunia mpya!"

Akafungua. Ndani yake, kwenye sponji nyeusi, kete. Nyekundu na nyeupe, zimekaa safu safu kama askari. Mimi nilikuwa wa kwanza kuinyakua moja, na lazima nikiri, zilikuwa nzuri. Zilikuwa za kauri. Picha ya taji ilianzia katikati ikaenea mpaka ukingoni na kuzunguka ubavu bila kukatika. Hakuna mahali ungeweza kusema hapa rangi imeishia. Nyeupe ilikuwa nyeupe kama jino la kwenye tangazo. Uso wake ulikuwa mtelezo, kidole kinapita hakikamati kitu. Zikigongana zinalia kama vikombe kwenye trei ya harusi.

Kwenye kifuniko kulikuwa na maandishi ya Kiingereza na picha ya karata. Mimi ndiye msomi wa familia, nikatafsiri kwa sauti: "Hizi ni za kuchezea kamari."

Mwinjilisti akarudisha mkono kama aliyegusa kiberiti. "Za nini?"

"Kamari. Na zile za babu za klabuni ni zilezile, ila za zamani. Wazungu walikuwa wanawekeana dau nazo."

Mwinjilisti akamgeukia babu. "Shehe, wewe ulikuwa pale. Ulijua?"

"Nilijua."

"Miaka yote hii nachezea vyombo vya kamari, mimi, mtumishi wa Bwana, na wewe unajua?"

"Hukuuliza," akasema babu.

Mwinjilisti alitafakari jambo hilo kwa muda wa kumenya peasi moja, kisha akaamua kwamba dau la mapeasi si kamari, na akaanza kupanga zile mpya ubaoni. Zile za zamani alizikusanya kwenye sanduku lake la mbao na kunipa mimi. "Wape watoto. Zimejaa nongo ya vidole. Tazama, kama kucha za mkulima wa viazi."

Nilimtazama babu. Babu alikuwa ameshika kete mpya ya kauri. Aliipitisha dole gumba mara moja. Akachukua nyingine, akaipitisha. Akaiweka ya kwanza shavuni, kisha ya pili. Zote baridi. Zote laini. Nyekundu na nyeupe vidoleni mwake zilikuwa mapacha.

"Ni nzuri," akasema.

Siku hiyo alishindwa michezo mitatu. Kesho yake mitatu. Siku ya tatu alisogeza kete ya Mwinjilisti badala ya yake, na Mwinjilisti akapiga kelele, "Aa! Unaiba sasa, Shehe! Umeishiwa mpaka unaiba!" Babu akasema samahani, ni usingizi. Na kingi walikuwa hawakai. Ukipandisha moja juu ya nyingine inateleza, inaangukia nyumba isiyo yake, na babu hawezi kujua imeangukia wapi. Mwinjilisti akaanza kuandika ushindi wake kwa mkaa ukutani kwetu, mstari mmoja kila mchezo. Ndani ya wiki tatu ukuta ulikuwa kama zebra.

Halafu babu akaanza kuumwa goti. Leo goti, kesho kifua, keshokutwa ukungu. "Mwambie nimelala." Nilikuwa namwambia Mwinjilisti babu amelala huku babu yuko chumbani amekaa kitandani na kanzu yake, macho wazi, anasikiliza ile fimbo ikishuka mteremko.

Nilijua dawa. Kete za zamani zilikuwa chini ya kitanda changu. Sikuwa nimempa mtoto yeyote, mimi si mkarimu kiasi hicho. Nikamkimbilia Mwinjilisti barabarani, nikamwambia babu anazipenda zile za zamani kwa sababu ya kumbukumbu. Uongo mzuri, wenye ukweli ndani.

Mwinjilisti akakunja pua. "Zile? Zinanata! Zioshe kwanza, zitakate, ndipo nitazishika."

Basi nikaziosha. Sabuni haikutoa kitu. Ile nongo ilikuwa imeingia ndani. Na hapo ndipo akili yangu nyingi ilipofanya kazi.

Shangazi yangu, mtoto mkubwa wa babu, ni mfinyanzi. Anakaa bondeni, karibu na kijito chenye udongo mzuri, na vyungu vyake vinauzwa mpaka Mombo. Kwa shangazi nimejifunza kwamba chungu kilichoshika harufu, hata kiwe kimepikiwa samaki mwaka mzima, ukikirudisha motoni kinatoka kipya. Mafuta yanaungua, udongo unabaki. Moto hauumizi udongo. Moto ndio mama yake. Kila mtoto wa kike kwetu anajua hivyo. Na kete si za udongo?

Kwa shangazi kuna sharti moja: mwanaume hakanyagi mahali pa kufinyangia wala pa kuchomea. Akikanyaga, vyungu vinapasuka, na yeye mwenyewe, wanasema, anaweza kukosa watoto. Kaka zangu hupita mbali, wamejishika. Mimi ni msichana, napita bila kibali.

Siku ya kuchoma nilifika asubuhi na sanduku langu. Shangazi alikuwa amepanga vyungu kumi na sita juu ya matawi makavu, amevifunika kwa nyasi na mavi ya ng'ombe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekuja kusaidia au kula?"

"Vyote. Shangazi, nina vitu vya udongo vya babu, nataka vitakate."

Akashika moja, akaipima mkononi. "Udongo wa wapi huu? Mwepesi."

"Wa Ulaya."

"Udongo ni udongo," akasema shangazi. Akaziweka zote ishirini na nne ndani ya chungu kipana, akakisukuma katikati. Akawasha.

Tulikaa upande wa juu wa upepo tukila viazi. Baada ya muda shangazi akaacha kutafuna. Kulikuwa na harufu. Haikuwa ya nyasi wala ya mavi. Ilikuwa kama mtu anayechoma ndala pamoja na kitana. Moshi mweusi, mzito, ukanyooka kutoka katikati ya moto.

Shangazi akasimama, akaangalia vichakani pande zote. "Nani kaleta mwanaume hapa?"

"Hakuna mwanaume, shangazi."

"Yupo! Moto haunuki hivi bila mwanaume!" Kisha akanigeukia, na nikaona hesabu zikienda machoni mwake. "Zile kete. Zimeshikwa na nani?"

"Na babu."

"Na nani mwingine?"

"Mwinjilisti. Na… na wazungu wa klabuni."

"Wanaume watupu," akasema shangazi, akaketi chini. "Umeniletea wanaume klabu nzima ndani ya chungu."

Moto ulipopoa tulikiopoa kile chungu kwa fimbo. Kilikuwa kimepasuka. Ndani yake kulikuwa na kitu kimoja cheusi, kimevimba na kuganda kama uji ulioungulia, na pembeni majivu. Kumbe hazikuwa udongo wa kuchomwa. Ulikuwa udongo uliochanganywa na madude mengine huko kwao na kukandamizwa tu. Haukuwahi kuona moto maisha yake yote. Sisi tuliambiwa udongo, tukaamini kwamba kila udongo una mama mmoja. Kete moja tu ilisalimika nusu, nyekundu, imekwama ukingoni.

Nimewahi kufanya mambo mengi nikacheka. Siku ile nilipanda kutoka bondeni na nusu kete mkononi, sikumchekea hata kuku.

Nilimkuta babu kibarazani. Nikamwambia yote kwa mara moja, bila shikamoo, bila utani. Akanyoosha mkono. Nikaiweka ile nusu kiganjani mwake. Akaipitisha dole gumba.

"Hii ni yangu," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Zote?"

"Zote."

Akaendelea kuisugua ile nusu. Niliomba afoke. Hakufoka. Akasema tu, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "Basi. Mwambie Mwinjilisti goti haliponi."

Kesho yake alfajiri nilikuwa kwa shangazi. Alikuwa bado hajanisamehe chungu chake, lakini nilipomweleza kwamba zile kete ndizo zilikuwa macho ya babu, alifuta mikono kwenye kanga. "Habari hiyo ya kete mbona hamkuniambia?" akasema. "Nyie mnajua kucheka tu." Kisha akanionyesha rundo la udongo mbichi. "Kanda."

Nilikanda mpaka mabega yakawa si yangu. Tukachanganya mchanga laini, tukatandaza kama chapati, tukakata kwa kizibo cha soda. Kundi la kwanza lilikauka likanywea, zikawa kama vifungo vya shati. Tukakata tena kwa kifuniko kikubwa zaidi. Za Mwinjilisti shangazi alizibingirishia gunzi la mahindi, zikapata vishimo mistari mistari. Za babu alizisugua kwa kokoto lake jeusi, alilorithi kwa mfinyanzi aliyemfundisha, moja moja, mpaka zikawa laini kama ngozi ya goti. Mimi nilitia mkono kwenye kama nane. Tulikata thelathini, kwa tahadhari. Zilikaa kivulini zaidi ya wiki mbili, kwa sababu ya ukungu wa mwezi wa nane. Zilipochomwa, hakukuwa na moshi mweusi wala harufu ya klabu. Nne zilipasuka.

"Hizo nne ndizo ulizoumba wewe," akasema shangazi.

Za babu alizitumbukiza zikiwa na moto kwenye maji ya magome, zikawa nyeusi. Za Mwinjilisti zikabaki nyekundu ya tofali. Hakuna mbili zilizolingana. Baadhi zilikuwa na kibyongo. Zikigongana hazikulia kama vikombe, wala hazikusema tuk kama zile za klabu; zilikuwa na sauti kavu, ta, kama mtu anayebana ulimi. Na ukizipapasa zilikwaruza kidogo, sh, sh, hata zile zilizosuguliwa.

Babu aliipokea ya kwanza, akaiweka shavuni. Akaihamishia mdomoni, akaigusa kwa ncha ya mdomo wa chini, ikabaki imeng'ang'ania pale. Udongo wa kweli ndivyo ulivyo, una kiu.

"Inanishika," akasema. Akapanga ubao mzima bila kukosea nyumba hata moja.

Mwinjilisti aliitwa. Alipanda haraka kuliko kawaida yake, na alipoona ubao alisimama.

"Hivi ni nini? Vigae?"

"Kete," nikasema. "Shikamoo."

"Marahaba. Shehe, mimi nakuletea kauri kutoka ng'ambo, mtoto wangu kajinyima, na wewe unanipangia vigae vya vyungu? Kauri yangu ina kosa gani?"

Nilifungua mdomo kutoa uongo mwingine. Nilikuwa nao wa aina tatu tayari. Babu akainua mkono, nikaufunga.

"Haina kosa," babu akasema. "Ila sioni, Mwinjilisti. Zile za zamani nilikuwa nazijua kwa vidole. Zako sizijui."

Nilimtazama Mwinjilisti usoni, nikisubiri ile huruma. Nilikuwa nimeshajiandaa kuichukia. Alimtazama babu. Akatazama ubao. Kisha, polepole, akageuka kuutazama ukuta wetu na mistari yake yote ya mkaa.

"Kwa hiyo hii yote," akasema, "nimempiga mtu asiyeona?"

"Ndiyo."

"Yote?"

"Karibu yote. Kuna mmoja nilisinzia kweli."

"Mwizi wewe!" Mwinjilisti akapaza sauti mpaka mbuzi akanyanyuka. "Nimewatambia kanisa zima! Nimemwandikia mtoto wangu barua! Umenifanya nitambe kwa ushindi wa bure!" Akavua kofia, akaanza kufuta ule mkaa kwa kofia yenyewe, kwa hasira, mpaka ukuta ukawa na wingu jeusi ambalo mama analilalamikia hadi leo. Alipomaliza alikaa chini akihema, akatoa skafu shingoni, akajifunga machoni.

"Unafanya nini?" babu akauliza, maana alisikia kitambaa.

"Nimejifunga. Hunidanganyi tena. Sogeza."

Wakaanza. Vidole vinne vya wazee wawili vilikuwa vinatembea ubaoni kama kuku wanaotafuta punje. Sh, sh, ta. Mwinjilisti alikuwa analaani yale mashimo ya gunzi, kisha akaanza kuyazoea. "Hii yangu. Hii yako, laini kama mdomo wako." Mimi nilikuwa mwamuzi, nikila peasi ambalo halikuwa na mwenyewe bado.

Katikati ya mchezo wa pili babu alikuwa na kingi wawili na Mwinjilisti hana kitu. Nilimwona Mwinjilisti akikuna ndevu, kisha kidole kimoja kikapanda taratibu kwenye skafu, kikaiinua kiasi cha jicho moja. Akanikonyeza ninyamaze. Nikanyamaza, maana mimi ni mtu wa haki kwa wezi wenzangu.

Babu akainamisha kichwa.

"Mwinjilisti, shusha kitambaa."

"Kitambaa gani? Nimefunga!"

"Umefungua."

"Nani kakwambia? Huyu mtoto?"

"Hakuna aliyeniambia," babu akasema, akisogeza kingi wake na kula kete mbili kwa mpigo. "Vidole vyako vimeacha kuongea."